Nani Kasema Maskini Katulia?

Mwaka juzi nilikaa kwenye ukumbi mmoja pale Masasi, viti vya plastiki, feni mbili zinazozunguka kwa kujilazimisha, nikimsikiliza mhamasishaji mmoja aliyetoka Dar es Salaam. Ukumbi ulijaa vijana: wa bodaboda, wa vibanda vya simu, wengine wamemaliza kidato cha nne na hawajui waanzie wapi. Bwana yule alikuwa msemaji hasa. Katikati ya maneno yake akanyamaza kidogo, akauliza: "Hivi mnajua neno maskini limetoka wapi?" Hakuna aliyejibu. Akajijibu mwenyewe. Limetoka Kiarabu, akasema, kwenye kitenzi *sakana*, yaani kutulia. Maskini ni mtu aliyetulia. Kakaa. Kabweteka. "Kwa hiyo ukiwa maskini usimtafute mchawi. Neno lenyewe linakwambia kosa ni lako."

Makofi yakalipuka. Na mimi nilipiga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana mimi ni mtu wa maneno, nimesoma maneno, nala kwa maneno, na siku ile niliona kitu kimekaa vizuri masikioni nikakipigia makofi bila kukigeuza nione chini kuna nini. Tangu hapo nimelikuta dai hilohilo kwenye vitabu vya hamasa vinavyotandazwa barabarani, kwenye mahubiri, hata kwenye insha za watu ninaowaheshimu. Limeanza kuwa elimu ya kila mtu. Kwa hiyo naomba niliseme hapa, mbele ya wasomaji wanaojali lugha: dai hilo ni bovu kama elimu ya maneno, na ni baya zaidi kama neno la kumwambia binadamu mwenzako.

Siku mbili baada ya ukumbi ule nilipanda Newala kumsalimia mama mkubwa. Nikamsimulia, nikicheka cheka, kwamba kumbe maskini maana yake ni mtu aliyetulia. Alikuwa anabangua korosho za kula nyumbani, hakuinua kichwa. Akaniuliza: "Huyo bwana alikunywa maji ya wapi alipokuja huku?"

Asiyeijua Newala hataiona ngumi iliyomo kwenye swali hilo. Uwanda wa Makonde uko juu, na juu hapo mchanga unameza mvua yote. Mito haipo, chemchemi ziko chini kwenye mabonde. Simama pale Shimo la Mungu, mahali ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka mbele yako, halafu uwaze kuteremka na mtungi mtupu alfajiri na kupanda nao umejaa kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya watu, alishangaa watu kuishi juu wakati maji yako chini. Wenyewe walikuwa na sababu: juu, ndani ya vichaka vizito, wavamizi na watekaji hawakuwafikia kirahisi. Walichagua usalama, wakaulipia kwa miguu. Miaka ya 1950 ukaja mradi wa kusukuma maji kwa mashine hadi juu, lakini kizazi cha mama mkubwa bado kinazikumbuka siku bomba lilipokauka na njia ya bondeni ikarudi kuwa njia. Sasa mwite mwanamke huyo maskini ukitaka, atakubali. Ila mwambie katulia!

Na si maji tu. Wanaume wa huku walikwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi hadi Tanga. Wajukuu zao wakaenda Dar es Salaam na vitu mabegani, wakitembea jua zima, mpaka jina la Machinga, ambalo ni jina la watu na eneo la Lindi, likageuka kuwa jina la kila mchuuzi wa kutembea nchi nzima. Kama kuna watu Tanzania hii ambao umaskini wao umeandikwa kwenye nyayo, ni wa kusini. Tunaitwa maskini, na jina letu la mjini ni jina la mtu asiyekaa.

Lakini tumtendee haki mhamasishaji. Hakulitunga jambo lile kichwani. Ni kweli kwamba Kiarabu kina mzizi s-k-n wenye maana ya kutulia na kukaa. Ndiko lilikotoka neno letu *maskani*. Na ni kweli kwamba wataalamu wa kale wa kamusi za Kiarabu waliliunganisha neno *miskin* na mzizi huo. Ila someni walivyoliunganisha. Walisema maskini ni yule ambaye ufukara umemtuliza, umempunguzia harakati zake. Mwenye kutenda hapo ni nani? Ufukara. Maskini ni mtendwa: kakatwa miguu, kafungiwa njia. Bwana wetu wa ukumbini alichukua mtendwa akamgeuza mtenda, akahamisha kosa lote, na sisi tukapiga makofi. Katika Kiswahili sanifu tofauti ya *aliyetulia* na *aliyetulizwa* ni silabi moja tu. Katika maisha ya mtu ni tofauti ya kuhurumiwa na kuhukumiwa.

Tena kama mtu anataka kutupeleka kwenye Kiarabu, basi twende mpaka mwisho wa safari. Katika Kurani, sura ya Al-Kahf, kuna kisa cha Musa na yule mja mwenye elimu anayelitoboa jahazi. Anapoeleza sababu, anasema jahazi lile lilikuwa mali ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na nyuma yao yuko mfalme anayepora kila jahazi. Hebu litazameni jambo hilo. Wana chombo. Wana kazi. Wako baharini, mahali pasipo na utulivu hata kidogo. Na bado wanaitwa maskini. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, walikitumia kisa hicho kueleza kuwa maskini anaweza kuwa na kitu na kufanya kazi, ila alicho nacho hakimtoshi. Na anayemnyemelea katika kisa hicho ni mfalme mporaji, wala si uvivu. Huo ndio ushahidi wa lugha ambayo bwana yule alidai inamsema maskini kuwa kakaa.

Halafu neno lenyewe ni kongwe kuliko Kiarabu kinachojulikana. Wataalamu wa lugha za Kisemiti wanalifuata nyuma kupitia Kiaramu hadi Kiakadi, lugha ya Babeli ya kale, ambako lilikuwa *mushkenu*. Katika sheria za Hammurabi, zilizochongwa kwenye jiwe karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, mushkenu ni mtu wa daraja la kati: si mtumwa, lakini si bwana kamili. Ukimtoboa jicho bwana, nawe unatobolewa jicho. Ukimtoboa jicho mushkenu, unalipa fedha, basi. Na neno hilo linatokana na kitenzi cha kusujudu, kuinama mbele ya mkubwa. Kwa hiyo ule mzizi wa kutulia uliunganishwa baadaye, kwa sababu masikio ya Waarabu yalisikia s-k-n na yakalipa neno la kuja ndugu wa nyumbani. Mtu wa kwanza kuitwa jina hili aliitwa hivyo kwa sababu mbele yake alisimama mtu mwingine ambaye ilimlazimu kumwinamia. Jina lilikuwa la uhusiano wa watu wawili. Tabia yake haikuwamo.

Najua kuna msomaji atasema: basi umeshinda, asili halisi ni kuinama, tuseme maskini maana yake ni aliyeinamishwa. Hapana. Hata hiyo siitaki. Asili ya neno si maana ya neno. Neno linamaanisha kile ambacho wanaolitumia leo wanakubaliana, na babu yake wa Babeli hana kura kijijini kwetu. Historia ya neno ina faida nyingine: inatuonyesha watu walivyolifanyia kazi njiani, walilitumia kumfanya nini mwenzao. Na hapo ndipo safari ya *maskini* inapotisha.

Waarabu na Waberberi walivuka kuingia Hispania mwaka 711, na utawala wa Kiislamu ulidumu sehemu fulani za huko hadi 1492. Neno *miskin* likaingia kwenye vinywa vya Wahispania, likawa *mezquino*. Kihispania ni mtoto wa Kilatini, na sifa zake nyingi ukizifuata zinakupeleka Roma. Hii ukiifuata inakupeleka Baghdad. Mwanzoni lilisema kile kile tunachosema sisi: mtu wa dhiki, mtu wa kuhurumiwa. Katika zama za kati liliitwa hata kwa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Kisha likaanza kuteleza. Mtu wa dhiki akawa mtu duni, mtu duni akawa mtu mwenye moyo mdogo. Leo ukimwita Mhispania *mezquino* umemwambia ni bahili, mchoyo, mtu asiye na utu. Italia wana *meschino*, Ufaransa *mesquin*, na kote huko neno limebeba ule udogo wa roho. Uturuki, *miskin* ni mvivu, mtu mzito wa kuinuka. Malesia na Indonesia tu ndiko nilikowakuta ndugu zetu: *miskin* kule ni mtu asiye na mali, kama huku.

Na ng'ambo ya Ruvuma je? Msumbiji lugha ya serikali ni Kireno, na Kireno nacho kilirithi neno hilo: *mesquinho*. Maana yake: bahili, mwenye roho ndogo. Watazame Wamakonde. Ni watu wa lugha moja, nyanda mbili zinazotazamana, mto mmoja katikati yao. Neno lile lile la Babeli liliwafikia kwa njia mbili. Upande wa Newala lilipanda kutoka pwani, likidandia Kiswahili, likafika lingali na huruma yake. Upande wa Mueda lilikuja na Wareno, limezunguka Andalusia na Lisbon, likafika limeshageuka tusi. Mama mkubwa akiitwa kwa neno hilo huku, anapewa pole. Mwenzake akiitwa kwa neno hilo kule, katika Kireno, anatukanwa. Mwanamke ni mmoja, mtungi mmoja, njaa moja.

Mtu asifikiri ni ajabu ya neno moja tu lililochezewa na Wazungu. Kilatini kilikuwa na *miser*, mtu wa taabu, mtu wa kuliliwa. Kihispania kikatoa humo *miserable*, ambalo siku hizi linaweza pia kumaanisha mchoyo. Waingereza wakachukua *miser*, nalo kwao ni bahili anayelala juu ya fedha zake. Kilatini kilikuwa na *villa*, nyumba na shamba la tajiri, na mkazi wake akaitwa *villanus*. Kihispania kikapata *villano*: kwanza mtu wa shamba, kisha mtu wa hali ya chini, mwishowe mtu mbaya. Mnacheka? Sisi tuna *mshamba*. Anayelima chakula tunachokula, jina la kazi yake ndilo tusi letu la mjini. Tumeifanya kazi ile ile waliyoifanya Wahispania, na hatukuhitaji mkoloni wa kutufundisha.

Ndiyo maana siwezi kuliacha jambo la ukumbi wa Masasi lipite kama utani. *Maskini* ya Kiswahili bado haijafika ilikofika *mezquino*. Bado tunamwona mtoto kaanguka tunasema "maskini!", na hatuna maana ya kwamba hana hela. Bado neno linakwenda na kichwa kilichoinamishwa upande na mkono kifuani. Lakini linasukumwa. Kila anayesema "umaskini wa akili" analisukuma. Kila anayesema "maskini ni mawazo yake" analisukuma. Na bwana yule, kwa kipaza sauti chake na Kiarabu chake cha nusu, alilisukuma kwa nguvu kuliko wote.

Niseme kwa mfano wa nyumbani, maana bila mfano huu maneno yangu yatabaki kuwa ya darasani.

Wanaotoka mikoa ya korosho wanaijua *kangomba*. Mkulima anatakiwa kupeleka korosho zake chama cha msingi, zipimwe kwa mizani, ziingie ghalani, ziuzwe mnadani, halafu alipwe. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007, na kwenye karatasi ni mzuri. Lakini korosho zinavunwa kuanzia mwezi wa kumi hivi, na shida haina msimu. Mwezi wa nane mikorosho ina maua, salfa inatakiwa, mtoto anaumwa, hela hakuna. Hapo anakuja mtu na fedha mkononi, ananunua korosho zikiwa bado juu ya mti, kwa bei yake, kwa kipimo chake. Hiyo ndiyo kangomba. Ni haramu, kila mtu anajua ni haramu, na kila mtu anajua nyumba ya anayenunua na nyumba ya anayeuza.

Mwaka 2018 mama mkubwa aliuza. Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya shule na orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu: godoro, sanduku, sare, ada ya hiki na kile. Akauza magunia matatu kabla hayajawa magunia. Mwezi wa Novemba Serikali ikakataa bei za wafanyabiashara, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Kabla ya malipo ukafanyika uhakiki: nani ana shamba kweli, nani ni wa kangomba. Sigombani na uhakiki. Walanguzi walikuwapo, na mimi ninawajua. Nagombana na kilichosemwa vijiweni. Maana waliosemwa zaidi hawakuwa walionunua. Walikuwa waliouza. "Wana tamaa." "Hawana subira." "Ndiyo maana hawaendelei." Mwanamke aliyeuza korosho zake kwa hasara ili mtoto alale juu ya godoro shuleni, jina lake kijijini likawa mwenye tamaa.

Nendeni tena Hispania mkatazame *mezquino*. Mtu wa dhiki akageuzwa mtu mwenye moyo mbaya. Ilichukua karne kadhaa kule. Newala ilichukua msimu mmoja wa korosho. Na wahenga walishatuonya: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

Kuna upande mwingine nao niuguse, wasije wakadhani nawaunga mkono. Ni wale wanaotaka tuliache neno lenyewe. Eti linadhalilisha. Tuseme mwenye kipato cha chini, mlengwa, mnufaika. Nawaelewa, nia yao njema. Ila jamani, "mlengwa" ni mtu aliyelengwa; kwa bunduki au kwa fedha, neno halisemi. Na "kipato cha chini" hakijawahi kumtoa mtu machozi. Tukilitupa *maskini* tutakuwa tumewaachia wahamasishaji huruma yote iliyomo ndani yake, nao watabaki na ganda wanalolijaza watakavyo. Sarufi yenyewe inalilinda neno hili: tunasema mtu maskini, watu maskini, nchi maskini, wala halibadiliki. Halichukui kiambishi cha mtu likawa mwilini mwake, kama mfupi na wafupi. Linakaa kando yake, kama mzigo uliotuliwa, na kesho unaweza kubebwa na mwingine.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanaoandika na wanaosimama mbele za watu si kikubwa. Mkitaka kutumia historia ya neno kumfundisha mtu, isomeni yote. Msiishie pale panapowafaa. Na mkisema "maskini", malizieni sentensi: maskini kwa sababu gani, bei iliwekwa na nani, maji yalikuwa wapi, mfalme wa majahazi ni yupi safari hii.

Mama mkubwa sikumjibu swali lake siku ile. Bwana yule alikunywa maji ya chupa, nilimwona. Ilikuwa mezani pale mbele, na alipomaliza akaomba nyingine. Aliyekwenda kuileta alikuwa kijana mmoja wa bodaboda, mbio, maana duka lilikuwa ng'ambo ya barabara na bwana alikuwa na kiu.